KUTOKA KIBARUA HADI KITAMBULISHO: HISTORIA YA MTAFUTA KAZI WA DAR ES SALAAM

Kila jamii ina maneno yake ya kazi, na maneno hayo huhifadhi historia ambayo pengine haikuandikwa mahali pengine popote. Neno kibarua ni mfano mzuri. Leo tunalitumia kwa mtu anayeajiriwa kwa siku na kulipwa kwa siku, tena hata kwa kazi yenyewe. Lakini kwa asili kibarua ni barua ndogo tu, yaani kipande cha karatasi. Mtu huyo alipata jina lake kutokana na karatasi aliyopewa asubuhi na kuirudisha jioni ili alipwe. Hivyo karatasi ilimpa mtu jina, na jina likabaki hata baada ya karatasi kutoweka.

Makala haya yanakusudia kueleza historia ya soko la kazi katika mji wa Dar es Salaam kwa kufuata karatasi ambazo mtafuta kazi alitakiwa kuzishika mkononi: kibarua, kipande, kadi ya chama, cheti cha shule, leseni ya nguvu kazi na kitambulisho cha mjasiriamali. Tukizifuata karatasi hizi tutaona soko hilo lilijengwa na nani, na kwa manufaa ya nani. Jambo hili lafaa kufundishwa shuleni, kwa sababu kijana asiyepata kazi mjini huambiwa upesi kuwa ni mvivu au mhuni. Historia yaonyesha kwamba hukumu hiyo ni ya zamani, na kwamba mara nyingi ilitolewa na watu wale wale waliomhitaji kijana huyo asubuhi ya siku iliyofuata.

Mji na Vibarua Wake

Dar es Salaam ulianza kujengwa katika miaka ya 1860 kwa amri ya Sultani Majid bin Said wa Unguja, karibu na kijiji cha Mzizima. Majumba ya kwanza ya mji huo yalijengwa zaidi kwa nguvu za watumwa. Majid alipofariki mwaka 1870 ujenzi ulidorora, nao mji ukabaki mdogo mpaka Wajerumani walipofika mwaka 1887 na kuufanya makao makuu ya koloni lao mwaka 1891.

Katika mwambao wa wakati huo kibarua hakuwa lazima mtu huru. Huko Unguja watumwa wengi walikodishwa kwa siku, hasa kwa kazi za kubeba na kupakia mizigo, na sehemu ya ujira wao ikaenda kwa bwana. Kwa hiyo kazi ya ujira haikuingia mwambaoni kama kinyume cha utumwa. Ilizaliwa ndani ya utumwa wenyewe. Utumwa ulipofutwa kisheria, Unguja mwaka 1897 na Tanganyika mwaka 1922, kibarua alikuwa amekwisha kuwapo. Naye aliyekuwa mtumwa aliona afadhali sana kulipwa kwa siku kuliko kufungwa kwa mkataba wa miezi. Kazi ya siku ilimwachia uhuru wa kuamua kesho yake. Tutaona baadaye kwamba uhuru huo, ingawa ulikuwa mdogo, ulitetewa kwa nguvu.

Kodi na Kipande

Wajerumani walihitaji watu wa kujenga bandari, barabara na Reli ya Kati, ambayo ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Wananchi waliokuwa na mashamba yao hawakuona sababu ya kuyaacha. Njia moja iliyotumiwa kuwatoa ilikuwa kodi. Kodi ya nyumba ilianza kutozwa mwaka 1898, na mtu asiyekuwa na fedha ilimlazimu kuzitafuta kwa kufanya kazi. Huko Usambara, kuanzia mwaka 1907, mambo yalikwenda mbali zaidi: kila mwanamume mzima alipewa kadi, akatakiwa kumfanyia mzungu kazi siku 30 katika kila miezi minne.

Waingereza waliouteka mji mwaka 1916 waliendeleza mtindo huo kwa sura nyingine. Chini yao kipande kilikuwa kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi. Siku moja ya kazi iliyokamilika ilitiwa alama moja. Siku ya ugonjwa, siku ya mvua, au siku ambayo msimamizi hakuridhika, haikutiwa alama, na mshahara haukulipwa mpaka siku zote 30 zitimie. Kwa hiyo mwezi wa kipande ulikuwa mrefu kuliko mwezi wa kalenda. Sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1923 ilimfanya mfanyakazi aliyetoroka kabla ya kutimiza mkataba wake kuwa mkosaji wa jinai, si mtu aliyevunja ahadi tu.

Vita Kuu ya Kwanza ilizidisha shuruti hiyo. Maelfu ya watu walitwaliwa kuwa wapagazi wa jeshi la Waingereza, na wengi wao walikufa kwa maradhi na njaa. Kambi ya wapagazi hao, ambao kwa Kiingereza waliitwa Carrier Corps, ilikuwa Dar es Salaam, na wenyeji walilitamka jina hilo kwa namna yao: Kariakoo. Hivyo soko kubwa kuliko yote katika nchi yetu lina jina la watu waliobebeshwa mizigo. Mwanafunzi anayepita hapo na kuwaona hamali wakisukuma mikokoteni anaona kazi ile ile iliyokipa kitongoji hicho jina lake.

Katika mji wa mkoloni kazi iligawanywa kwa rangi, kama makazi yalivyogawanywa. Wazungu walishika uongozi. Wahindi na Wagoa wengi walishika biashara, ukarani na ufundi. Waafrika walio wengi walipewa kazi za nguvu na za nyumbani. Waafrika wachache waliosoma walipata ukarani na ualimu, nao ndio walioanza kuunda vyama vya kutetea hali zao. Martin Kayamba alianzisha chama cha watumishi Waafrika wa serikali huko Tanga mwaka 1922. Mjini Dar es Salaam, Erica Fiah, mwenye duka aliyetoka Uganda, aliunda chama cha ustawi na biashara cha Waafrika mwaka 1934, na mwaka 1937 akaanzisha gazeti la Kwetu.

Makuli wa Bandarini

Mahali palipoonyesha waziwazi tabia ya soko la kazi la mji huu ni bandarini. Meli haziji kwa ratiba ya jua kuchomoza na kutua. Siku moja huingia nyingi, na mamia ya watu huhitajiwa mara moja. Siku nyingine hakuna hata moja. Makampuni ya upakuaji yangaliweza kuwaajiri watu wa kudumu na kuwalipa hata siku zisizo na meli. Hayakufanya hivyo kwa muda mrefu. Yaliona ni rahisi kuwa na watu wengi wanaongoja langoni kila asubuhi, na kuwachukua kadiri walivyohitajiwa.

Gharama ya siku isiyo na meli ililipwa na nani, basi? Ililipwa na kuli mwenyewe, na zaidi ya hapo ililipwa na familia yake. Vibarua wengi walitoka Uzaramo na sehemu nyingine za karibu. Wake zao walilima mihogo na mpunga, na chakula hicho ndicho kilichomtunza mfanyakazi wakati hakuna ujira. Aidha wanawake waliokaa mjini waliuza vitumbua, samaki na pombe. Hesabu za serikali hazikuwataja kama wafanyakazi, lakini bila jasho lao bandari isingepata nguvu za watu kwa bei ile ndogo.

Hapa ndipo ulipo ukinzani mkubwa wa mji wa kikoloni. Uchumi wake ulihitaji watu wanaongoja, lakini sheria zake zilikataza kungoja. Mtu aliyesimama langoni bandarini alfajiri aliitwa kibarua. Mtu yule yule akikutwa mchana barabarani bila kazi aliitwa mhuni, na sheria ya mwaka 1944 iliwapa wakubwa uwezo wa kuwaondoa mjini Waafrika wa aina hiyo na kuwarudisha makwao. Polisi walifanya misako, watu wakasafirishwa, na wengi wakarejea. Hapakuwa na la kushangaza katika kurejea huko, kwa maana meli nazo zilirejea.

Makuli hawakukaa kimya. Waligoma mwaka 1939, wakagoma tena mwaka 1943. Mgomo mkubwa ulitokea Septemba 1947. Ulianza bandarini, ukaenea kwa wafanyakazi wengine wa mji, kisha ukafuata njia ya reli mpaka bara. Serikali ililazimika kuunda baraza la usuluhishi, na uamuzi wa baraza hilo ukapandisha ujira wa makuli kwa kiasi kikubwa. Kutokana na ushindi huo kiliundwa chama cha makuli, na miongoni mwa viongozi wake alikuwa Abdulwahid Sykes, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa waasisi wa TANU. Kwa mara ya kwanza mfanyakazi wa Dar es Salaam alishika karatasi ambayo hakupewa na bwana wala na bwana shauri. Ilikuwa kadi ya chama chake mwenyewe.

Chama hicho hakikudumu. Mwanzoni mwa mwaka 1950 yalitokea mabishano juu ya utaratibu mpya wa kuwapanga vibarua kazini. Mgomo ukageuka kuwa ghasia, na chama kikavunjwa mwaka huo huo. Yafaa mwanafunzi aelewe shauri hili vizuri. Makuli hawakupinga kazi, wala hawakupinga utaratibu kwa sababu tu ni utaratibu. Walichohofia ni kwamba karatasi mpya ingempa mwajiri uwezo wa kuamua nani aingie langoni na nani asiingie kamwe, pasipo wao kupata uhakika wa kula siku isiyo na meli. Walikuwa wakiombwa watoe uhuru wao mdogo bila kupewa usalama badala yake.

Uhuru na Kazi

Mwaka 1955 vyama vya wafanyakazi vilijiunga katika Shirikisho la Wafanyakazi la Tanganyika, TFL, na Rashidi Kawawa akawa Katibu Mkuu wake. Shirikisho hilo lilishirikiana kwa karibu na TANU. Wanawake wa mjini, wakiongozwa na Bibi Titi Mohamed, walijiunga na TANU kwa wingi, na wengi wao walikuwa wale wale wauzaji wa vitumbua na wapika pombe tuliowataja. Mtu asiyehesabiwa katika daftari la ajira alihesabiwa katika daftari la chama.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, wito uliotolewa ulikuwa Uhuru na Kazi. Serikali mpya ilichukua hatua za haraka kuinua hali ya mfanyakazi. Kuanzia Januari 1963 kima cha chini cha mshahara mjini Dar es Salaam kiliwekwa kuwa shilingi 150 kwa mwezi. Sheria ya mwaka 1964 ilimlinda mfanyakazi asifukuzwe ovyo. Mtindo wa kibarua wa kikoloni ulianza kukoma katika sehemu nyingi, na mfanyakazi akaanza kuwa mtu wa kudumu mwenye mshahara wa mwezi. Mwaka huo wa 1964 vyama vilivyokuwapo viliunganishwa katika chama kimoja, NUTA, kilichokuwa chini ya uangalizi wa serikali. Kwa hiyo kadi ya chama ilibaki mkononi mwa mfanyakazi, lakini sauti iliyokuwa ndani yake haikuwa tena yake peke yake.

Hatua hizi zilikuwa za haki. Hata hivyo zilileta matokeo mawili ambayo historia haiwezi kuyaficha. Kwanza, waajiri waliotakiwa kulipa zaidi waliajiri watu wachache zaidi; jambo hilo lilionekana hasa katika mashamba ya katani, ambako maelfu walipoteza kazi. Pili, kazi ya mjini ikawa na thamani kubwa kuliko zamani, na vijana wengi zaidi wakaja kuitafuta. Mwaka 1957 Dar es Salaam ulikuwa na watu 128,742. Mwaka 1967 ulikuwa na watu 272,821. Katika miaka kumi mji ulizidi maradufu, lakini nafasi za kazi hazikuzidi hivyo.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikusudia kulitatua tatizo hili kwa pande mbili. Upande mmoja, njia kuu za uchumi zilitiwa mikononi mwa umma, na viwanda vya taifa vikajengwa. Kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968, kiliwapa kazi maelfu ya watu. Upande wa pili, Elimu ya Kujitegemea ilitaka shule isiwe mahali pa kugawa vyeti vya kutafutia kazi mjini, bali mahali pa kumwandaa kijana kuishi na kuzalisha kijijini. Mwalimu Nyerere aliona hatari ya cheti kugeuka kipande cha aina mpya. Lakini cheti hakikuacha kutafutwa, kwa sababu kijana aliona kwa macho yake kwamba mwenye cheti anaishi vizuri kuliko asiye nacho. Tena, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990, mhitimu wa chuo kikuu alipangiwa kazi na serikali. Shule ilifundisha kujitegemea kwa maneno, huku mpango wa ajira ukifundisha jambo jingine kwa vitendo.

Nguvu Kazi

Miaka ya 1970 ilikuja na shida nyingi: bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973 na tena mwaka 1979, ukame ulipunguza mavuno, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na vita dhidi ya Idi Amin vya mwaka 1978 na 1979 vilikula akiba ya taifa. Viwanda vilikosa vipuri na malighafi. Mishahara ilibaki pale pale wakati bei zikipanda, mpaka mshahara wa mwezi haukuweza kulisha familia kwa mwezi. Mfanyakazi aliyekuwa na ajira alilazimika kuwa na mradi wa pembeni: kuku, shamba, au biashara ndogo ya mkewe.

Katika hali hiyo njia ya zamani ilirudiwa. Mwaka 1976 ilifanyika operesheni ya Kila Mtu Afanye Kazi, na watu wasioweza kuonyesha kazi yao waliondolewa mjini kupelekwa vijijini. Mwaka 1983, wakati Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, ilitungwa Sheria ya Nguvu Kazi, iliyomtaka kila mtu mwenye uwezo awe na shughuli halali inayotambuliwa. Lengo la viongozi halikuwa sawa na la mkoloni. Mkoloni alitaka kuwaweka Waafrika mbali na mji aliouona kuwa wake. Serikali ya ujamaa ilitaka kila mtu ashiriki katika kulijenga taifa, wala pasiwe na kupe. Lakini kwa yule aliyekamatwa barabarani njia ilikuwa moja: aliulizwa karatasi, akaikosa, akapakiwa garini. Na wengi walirudi mjini, kama wale wa mwaka 1944.

Hata hivyo sheria hiyo ilizaa jambo ambalo pengine halikutarajiwa sana. Ili kuwatambua wenye shughuli ndogondogo, zilitolewa leseni nafuu zilizojulikana kwa jina la leseni za nguvu kazi. Muuza matunda, fundi viatu na mama ntilie waliweza sasa kuonyesha karatasi na kusema kuwa wao ni wafanyakazi. Mwaka huo huo wa 1983 mabasi ya watu binafsi, yaani daladala, yaliruhusiwa. Kazi ambazo juzi zilikuwa kosa zikawa nusu ya halali.

Machinga na Kitambulisho

Kuanzia mwaka 1986 nchi ilifuata mpango mpya wa kufufua uchumi uliokubaliwa na Shirika la Fedha la Kimataifa. Katika miaka ya 1990 mashirika ya umma yaliuzwa au kufungwa, na wafanyakazi wengi wakapunguzwa. Ule mshahara wa mwezi ukawa tena kitu cha wachache. Bandarini makontena yalipunguza haja ya mabega ya watu.

Vijana waliofika wakati huo walijiajiri wenyewe barabarani. Waliitwa wamachinga, jina linalotokana na Machinga katika Mkoa wa Lindi, kwa kuwa wengi wa mwanzo walitoka kusini. Likazuka pia neno deiwaka, yaani mtu anayelishika daladala la mwenzake kwa siku moja tu na kugawana kilichopatikana. Deiwaka ni kibarua aliyezaliwa upya, tofauti ni kwamba hana hata ile barua ndogo. Kijiwe anachongojea ni lango jipya la bandari.

Mwishoni mwa mwaka 2018 serikali ilianza kutoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000 kimoja, ili mwenye nacho asisumbuliwe. Wengi walivipokea kwa furaha. Lakini mwaka 2021 wafanyabiashara hao waliondolewa kando ya barabara kuu na kutakiwa kuhamia maeneo waliyopangiwa. Karatasi ilikuwa imewatambua wao bila kupatambua mahali wanapofanyia kazi. Naye mchuuzi asiye na mahali ni kama kuli asiye na lango.

Hitimisho

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Sehemu kubwa ya watu hawa hawana mwajiri, na vijana wengi wanaosoma makala haya wataingia katika hali hiyo hiyo. Ni wajibu wetu kuwaeleza ukweli: kukosa ajira ya mshahara mjini Dar es Salaam si aibu ya mtu mmoja, wala si jambo lililoanza jana. Mji huu ulijengwa tangu mwanzo kwa nguvu za watu wanaongoja, na gharama ya kungoja wameachiwa wao wenyewe na jamaa zao.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mara nyingi tumeutumia msemo huu kumkaripia mgeni. Lakini tukiusikiliza vizuri, tutaona kwamba unamwagiza mwenyeji pia: jembe hutolewa na mwenye nyumba, tena pamoja na mahali pa kulima. Kila karatasi tuliyoieleza yapasa kupimwa kwa kipimo hicho. Kibarua kilimhakikishia mtu ujira wa jioni. Kipande kilimfunga. Kadi ya chama ilimpa sauti. Cheti kilimpa tumaini ambalo mara nyingine halikutimia. Leseni na kitambulisho vilimpa jina la heshima, lakini havikumpa mahali. Kwa hiyo itakapotolewa karatasi nyingine, kama bila shaka itatolewa, tusiulize tu ni nani asiyekuwa nayo. Tuulize inampa nini aliye nayo.